Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Ndege Kati ya Viwanja Viwili vya Visiwani

Msafiri anayetoka Kisumu kwenda Zanzibar, na ambaye angependa kuendelea hadi Pemba au Mafia kabla ya kurejea nyumbani, kwa kawaida huuliza maswali mawili kwa pamoja: ni umbali gani kutoka kiwanja hiki hadi kile, na safari itachukua muda gani. Swali la kwanza lina jibu moja, na yeyote aliyesoma longitudo na latitudo katika hesabu za kidato cha nne anaweza kulipata kwa kalamu na karatasi. Swali la pili lina majibu kadhaa, kwa sababu muda ambao ndege iko angani, muda ulioandikwa kwenye tiketi, na muda unaompita msafiri tangu afunge mlango wa nyumba yake hadi afungue begi lake kisiwani ni mambo matatu tofauti. Baina ya visiwa vilivyo karibu, umbali ndio wenye mchango mdogo zaidi katika hesabu ya muda, ingawa ndio watu wanaouuliza kwanza.

Hakikisha kwanza kwamba unapima viwanja vinavyostahili

Kabla ya kupima chochote, tafuta herufi tatu za kila kiwanja, zile zinazoandikwa kwenye tiketi na kwenye kibandiko cha mizigo. Kiwanja cha Unguja ni ZNZ, cha Pemba ni PMA, cha Mafia ni MFA, na cha Kisumu ni KIS. Herufi hizi si urembo. Upo mji mwingine unaoitwa Pemba kaskazini mwa Msumbiji, wenye kiwanja chake ambacho herufi zake ni POL, na mashine ya kutafutia safari haitambui kwamba wewe ulikusudia kisiwa cha karafuu. Hali kadhalika, kiwanja cha Unguja kina jina la Abeid Amani Karume, na cha Pemba nacho kimewahi kuitwa Karume, kwa hiyo jina peke yake halitoshi.

Jambo la pili ni kuthibitisha kwamba kiwanja kipo kwenye kisiwa unachokwenda. Mombasa mjini ni kisiwa, lakini uwanja wa ndege wa Moi uko bara, upande wa Changamwe. Anayekwenda Lamu hashukii Lamu bali Manda, kisiwa cha jirani, na kutoka hapo huvuka mkondo kwa boti hadi mjini. Ukipima umbali wa ndege hadi Manda utapata tarakimu sahihi kabisa, ilhali safari yako haijaisha, na boti ile haimo kwenye tiketi ya ndege.

Kupata umbali kwa kalamu

Kila kiwanja kina nukta yake kwenye ramani, inayotajwa kwa nyuzi na dakika za latitudo na longitudo. Dakika hizi ni za nyuzi, si za saa. Uzi mmoja una dakika 60. Manufaa yake makubwa ni kwamba dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Marubani na manahodha hupima kwa maili hizo kwa sababu hiyo hiyo, na nasi tukiwafuata tutaepuka hesabu nyingi zisizo na lazima.

Chukua Unguja na Pemba. Kiwanja cha Unguja kipo kwenye nyuzi 6 dakika 13 kusini, na nyuzi 39 dakika 13 na nusu mashariki. Kiwanja cha Pemba kipo kwenye nyuzi 5 dakika 15 kusini, na nyuzi 39 dakika 48 na nusu mashariki. Ukitoa latitudo moja kwa nyingine unapata dakika 58, na ukitoa longitudo unapata dakika 35. Maana yake ni kwamba ndege inapaswa kusogea maili 58 kuelekea kaskazini na maili 35 kuelekea mashariki, na njia yake ya moja kwa moja ni ule upande mrefu wa pembetatu ya Pythagoras. Zidisha 58 kwa 58 upate 3,364, zidisha 35 kwa 35 upate 1,225, jumlisha upate 4,589, kisha tafuta kipeuo cha pili, ambacho ni 67.7. Zidisha kwa 1.852 na utaona kwamba umbali kati ya viwanja hivi viwili ni kilomita 125 na ushei.

Hesabu hiyo imefaulu kirahisi kwa sababu Unguja na Pemba ziko karibu na ikweta. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoelekea ncha za dunia, hivyo dakika moja ya longitudo hupungua na haitimizi tena maili moja. Mbali na ikweta inabidi tofauti ya longitudo izidishwe kwa kosaini ya latitudo ya katikati, ambayo inapatikana kwenye kikokotoo chochote, au katika kile kitabu cha majedwali ya hesabu ambacho watahiniwa wa KCSE huingia nacho kwenye chumba cha mtihani. Kwa Unguja na Pemba kosaini hiyo ni 0.995, na kuiacha hakuleti hitilafu hata ya nusu kilomita.

Linganisha na Mauritius na Réunion, visiwa viwili vya Bahari ya Hindi vilivyo kusini zaidi. Kiwanja cha Mauritius kipo kwenye nyuzi 20 dakika 26 kusini na nyuzi 57 dakika 41 mashariki. Kile cha Roland Garros huko Réunion kipo kwenye nyuzi 20 dakika 53 kusini na nyuzi 55 dakika 31 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 27, na ya longitudo ni dakika 130. Ukiziingiza hivyo hivyo katika Pythagoras utapata kilomita 246. Ukizidisha kwanza 130 kwa 0.936, ambayo ni kosaini ya latitudo yao ya katikati, zinabaki maili 121.7, na umbali unashuka hadi kilomita 231. Kilomita 15 huzidi kwa kusahau hatua moja tu, na kadiri visiwa vinavyozidi kuwa mbali na ikweta ndivyo kosa linavyokua.

Kwa safari zinazozidi kilomita mia kadhaa, kanuni hii ya pembetatu bapa huanza kulegea kwa sababu dunia ni mviringo, na hapo ni afadhali kutumia kipimo cha umbali kilicho ndani ya ramani za Google au programu nyingine ya aina hiyo. Anayependelea programu tangu mwanzo hana kosa. Hata hivyo, ninashauri kufanya hesabu ya mkono angalau mara moja, kwa sababu programu ikilishwa kiwanja kisicho chake itajibu kwa uhakika ule ule, na mwenye makadirio yake kichwani ndiye atakayeshtuka.

Kutoka umbali hadi muda wa angani

Muda wa angani hupatikana kwa kugawanya umbali kwa mwendo wa ndege, na hapa ndipo inapohitajika kujua ni ndege ya aina gani. Safari nyingi za baina ya visiwa vya Afrika Mashariki hufanywa na ndege ndogo za pangaboi, na Cessna Caravan yenye injini moja ndiyo inayoonekana sana. Mwendo wake wa kawaida angani tunaweza kuuchukua kuwa maili 160 za baharini kwa saa. Gawanya 67.7 kwa 160, zidisha kwa 60, na utapata dakika 25. Ongeza dakika tano hadi kumi za kujongea hadi kwenye barabara ya kurukia, kupanda, kuzunguka na kutua, na hiyo ndiyo sababu ratiba za Unguja na Pemba huonyesha takriban nusu saa.

Mtu anaweza kudhani kwamba ndege kubwa zaidi, kwa mfano ATR 72, ambayo mwendo wake hukaribia maili 275 kwa saa, ingekata muda huo karibu nusu. Haiwi hivyo. Kwa umbali wa maili 68, ndege kama hiyo haijamaliza kupanda vizuri kabla ya kuanza kushuka, na wakati huo wote haipo katika mwendo wake kamili. Ikitua, abiria wake ni wengi na mizigo yao ni mingi, na dakika zilizookolewa angani hurudishwa zote mbele ya mkanda wa mizigo. Hii ndiyo sababu mgawanyo wa umbali kwa mwendo hutoa jibu zuri kwa safari ndefu na jibu la kubahatisha kwa safari fupi: kwa safari fupi, zile dakika tano au kumi za nyongeza zinakuwa sehemu kubwa ya jumla. Kati ya Mahé na Praslin huko Ushelisheli kuna kilomita 44 tu, na ndege hukaa hewani kama robo saa. Huko Orkney, Scotland, ndege ya kutoka kisiwa cha Westray hadi Papa Westray huruka kilomita 2.7, na ratiba yake inasema dakika mbili. Hapo kugawanya umbali kwa mwendo hakuna maana yoyote.

Upepo nao una neno lake. Kati ya Unguja na Pemba ndege huelekea kaskazini na kidogo mashariki, kwa hiyo majira ya kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, upepo huisukuma kutoka nyuma, na majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi, huipiga usoni. Tukichukua upepo wa maili 20 kwa saa ulionyooka na njia, Caravan ile itatumia chini ya dakika 23 ukiwa nyuma yake, na dakika 29 ukiwa mbele yake. Kwa msafiri, tofauti ya dakika sita si kitu. Kinachopendeza kwa mpenda hesabu ni kwamba kwenda na kurudi siku hiyo hiyo huchukua karibu dakika moja zaidi ya siku isiyo na upepo, kwa sababu ndege hukaa katika upepo wa kuikwamisha muda mrefu kuliko inavyokaa katika ule wa kuisaidia.

Kituo cha katikati

Hesabu zote za hapo juu zimechukulia kwamba ndege inakwenda moja kwa moja. Mara nyingi haiendi hivyo, na hakuna kitu kinachoharibu makadirio ya muda kama kituo cha katikati, hata pale ambapo hakiongezi umbali wowote wa maana.

Safari ya kutoka Unguja hadi Mafia inaonyesha jambo hili vizuri. Kwa kanuni ile ile, tofauti ya latitudo ni dakika 102 na ya longitudo ni dakika 26 na nusu, na umbali wa moja kwa moja ni maili 105, yaani kilomita 195. Caravan ingefika kwa dakika 40, au 50 tukiongeza kupanda na kutua. Lakini abiria wengi wa njia hii hupitia Dar es Salaam. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni maili 40, na kutoka Dar es Salaam hadi Mafia ni maili 68, jumla 108. Tazama ramani na utaona sababu: Dar es Salaam iko karibu kabisa na mstari unaounganisha visiwa hivyo viwili. Kwa umbali, kupitia huko kunakugharimu maili tatu, ambazo ni dakika moja ya kuruka.

Kwa muda, gharama ni nyingine kabisa. Kutua kwa ziada na kupaa kwa ziada kunaongeza dakika kumi. Kama ni ndege ile ile inayoshusha na kupakia, ongeza nusu saa nyingine. Kama unabadilisha ndege, unachukua mizigo yako na kuipeleka tena kwenye kaunta, na unasubiri ndege ambayo ratiba yake haikupangwa kwa ajili yako. Hapo saa mbili au tatu hupita bila mtu kulaumiwa. Kwa hiyo, unapotafuta tiketi kati ya visiwa viwili, angalia kwanza idadi ya vituo, pili muda wa kusubiri katika kila kituo, na kilomita uziangalie mwisho.

Wasomaji wa Nyanza wanaweza kulijaribu somo hili karibu na kwao. Rusinga na Mfangano zote zina viwanja vidogo vya kutua ndege nyepesi, na hutumiwa hasa na ndege za kukodi zinazoleta wageni. Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine hakufiki kilomita 25, na ndege ingetumia dakika zisizozidi kumi hewani. Hata hivyo, mwenyeji wa Mbita, mji wa ufukweni ulio jirani na Rusinga, hupanda boti, na ana akili timamu: boti ipo ufukweni, na ndege italazimika kuitwa kutoka mbali kwanza.

Kusoma saa za tiketi

Tiketi huandika saa za mahali, kwa mtindo wa saa 24. Anayehesabu kwa saa za Kiswahili apunguze sita: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Kenya, Tanzania, Komoro na Madagaska zinatumia saa zinazofanana, lakini Mauritius, Réunion na Ushelisheli ziko mbele kwa saa moja. Tuseme tiketi inaonyesha kuondoka Mauritius 10:00 na kufika Antananarivo 10:50. Safari hiyo si ya dakika 50 bali ya saa moja na dakika 50, na umbali wake, unaokaribia kilomita 1,080, unathibitisha hivyo. Hakuna ndege ya abiria inayoweza kuumaliza kwa dakika 50.

Saa zikilingana, jua huenda lisilingane. Unguja iko nyuzi nne na nusu mashariki ya Kisumu, na kila uzi mmoja ni dakika nne za saa, kwa hiyo katika siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, jua huzama Unguja dakika 18 kabla ya kuzama Kisumu, ijapokuwa saa za ukutani zinasema kitu kimoja. Viwanja vingi vidogo vya visiwani havina taa za kuongozea ndege usiku, na ndege ya mwisho hupangwa ili itue kabla ya giza. Anayezoea jua la Kisumu asijipimie alasiri ya visiwani kwa kipimo hicho.

Kujumlisha safari nzima

Sasa tuunganishe yote kwa mtu anayetoka Kisumu kwenda Chake Chake, mji wa Pemba, kupitia Nairobi na Unguja. Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 280, Nairobi hadi Unguja ni kilomita 601, na Unguja hadi Pemba ni kilomita 125. Jumla ni kilomita 1,006, ingawa mstari wa moja kwa moja kutoka Kisumu hadi Pemba hauzidi sana kilomita 800. Muda wa ndege tatu kwa mujibu wa ratiba ni kama dakika 50, saa moja na dakika 20, na nusu saa, yaani saa mbili na dakika 40 kwa jumla. Ndege ya pangaboi kutoka Nairobi itaongeza kidogo.

Kisha ongeza yale ambayo ratiba haiyataji. Nusu saa kutoka nyumbani hadi kiwanjani kwenye barabara ya Busia. Saa moja na nusu ya kufika mapema. Saa mbili na nusu Nairobi, kwa sababu unatoka safari ya ndani na kuingia safari ya kimataifa, ambayo ina ukaguzi wake wa pasipoti. Saa mbili Unguja, za uhamiaji, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, mizigo, na kaunta ya ndege ndogo. Nusu saa ya mwisho kutoka kiwanja cha Pemba hadi mjini. Hizo ni saa saba, na pamoja na za ndege zinafika saa tisa na dakika 40. Umesafiri hewani zaidi kidogo ya robo ya muda huo.

Kwa maana hiyo, anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri atafika Chake Chake saa tisa na dakika kumi alasiri, endapo ndege zote tatu zitapatana kana kwamba zimepangwa na mtu mmoja. Ni nadra. Mimi ningeshauri kulala Unguja usiku mmoja na kuchukua ndege ya asubuhi, ambapo pia mawingu ya mvua huwa hayajajijenga. Wakati wa kurudi, tahadhari iongezeke maradufu: ukichelewa kutoka Pemba unaweza kukosa ndege ya Nairobi na ya Kisumu kwa pamoja, na tiketi zilizonunuliwa kwa mashirika tofauti hazilindani, kwa hiyo ondoka Pemba siku moja kabla ya ile ya kuruka kwenda Nairobi.

Lililobaki ni uzito. Ndege ndogo huruhusu mara nyingi kilo 15 za mizigo, ilhali ile iliyokuleta kutoka Nairobi huenda iliruhusu kilo 23 au zaidi. Pima begi lako Kisumu kwa kiwango cha ndege ndogo kuliko zote utakazopanda, na uchague begi la kitambaa laini badala ya sanduku gumu, kwa sababu sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la Caravan haina nafasi ya sanduku lisilokunjika, na mjadala juu ya kilo zilizozidi mbele ya kaunta hula dakika nyingi kuliko upepo wa kaskazi.